Bikira wa Saruji

Wahenga walituonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo, kwa kuwa anayemkejeli mwenye ujuzi leo huenda kesho akapiga hodi mlangoni pake. Papa Bertin, au Baba Bertin kama wangemwita kwingine, alilijua onyo hilo barabara. Aliwatolea wengine karibu kila mwezi katika kikao cha halmashauri ya parokia, kidole kikiwa juu, na watu wakaitikia kwa vichwa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwahi kudhani kwamba ndani ya methali ile kulikuwa na nafasi yake pia.

Bertin alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, mzaliwa wa Likasi, ambaye ujana wake wote aliumalizia Kakontwe, kwenye kiwanda cha chokaa na saruji. Alistaafu na kikohozi kidogo, kitambi kikubwa, na imani isiyotikisika kwamba hakuna tatizo duniani ambalo zege haliwezi kulitatua. Parokiani alikuwa mwenyekiti wa halmashauri na pia kiongozi wa wabebaji. Kila tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, wanaume wanane waliweka sanamu ya Bikira juu ya tipoi, yaani machela yenye miti miwili mirefu, wakaipandisha mabegani, wakazunguka nayo mtaani na kuiingiza kanisani kwa ngazi tisa. Bertin alikuwa ameshika mti wa kulia, mbele, kwa miaka ishirini na miwili. Mtu akimwuliza yeye ni nani, hakuanza na jina, alianza na mti.

Jambo moja lilimkera, nalo lilikuwa ndani ya nyumba yake. Binti yake Laure, mwalimu wa chekechea mwenye miaka ishirini na minne na sauti ya kubembeleza watoto, alikuwa ananyanyua vyuma. Wala haukuwa mchezo wa kupitisha wakati. Jioni nne kwa juma, Laure na wanawake wenzake watano walijifungia katika banda lililo nyuma ya kanisa, ambalo paroko wao, Abbé Benoît, aliwaazima. Humo walinyanyua mtaimbo uliovikwa gia kuukuu kila upande, pamoja na sahani za zege walizozimimina wenyewe ndani ya makopo ya rangi. Laure alikuwa amekwisha kuinua kilo tisini na mbili juu ya kichwa. Mwezi Septemba kulikuwa na mashindano Lubumbashi ya kuwachagua wanyanyuaji wa mkoa, na jina lake lilikuwa limeandikwa.

"Kilo makumi tisa na mbili," Bertin alimwambia mkewe Madeleine, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. "Mwanamuke wa kubeba vile, nani atamuoa? Bwana yake akichelewa kurudi, atamubeba na kitanda yake, atamutupa inje."

"Minye nilibebaka mufuko ya bunga ku kichwa, na Laure mu mugongo, na ndoo ya maji mu mukono," Madeleine alijibu huku akisonga bukari, ugali wa jioni. "Haukusema kitu."

"Ile ilikuwa kazi. Hii ni kiburi."

Madeleine aliendelea kusonga. Mwiko wake uligonga sufuria kwa nguvu kuliko bukari ilivyohitaji.

Bertin alikuwa na hoja nyingine tele, alizookota barabarani, kwa vinyozi na kwenye misiba. Mwanamke wa vyuma tumbo lake la uzazi hushuka. Sauti yake huwa nzito. Ndevu humwota. Kila Jumapili wakati wa Misa alikichunguza kidevu cha binti yake kwa pembe ya jicho, asione kitu, naye akahitimisha kwamba ndevu zimechelewa tu njiani.

Mwezi Julai aliamua kulikata shina. Aliwaita wanawake wale sita mbele ya kikao cha halmashauri wajieleze, na kabla hawajafungua midomo akajieleza yeye.

"Mwanamuke wa parokia anapaswa kuwa na mabega ya kubeba mutoto," alisema. "Aba beko na mabega ya kabati. Kesho tutabomoa mulango ya kanisa juu yao, bapate kupita?"

Kikao kizima kiliangua kicheko. Mama Kabedi, mjane muuza unga aliyeanza mazoezi ili aponye mgongo wake, na kweli ukapona, alitazama sakafu. Kura zikapigwa, na mikono ikainuka haraka kama ya watu wanaoagiza bia. Ikaamuliwa kwamba tarehe kumi na sita Agosti, siku moja baada ya sikukuu, vyuma vitatolewa na banda litakuwa ghala la viti.

"Papa," Laure alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "mu Likasi hatuna fasi ingine ya kutia hii bintu. Mukifunga banda, minye siende Lubumbashi."

"Njo muzuri. Utapumzika."

Aliona binti yake akigeukia dirisha, na huruma ikamjia. Aliimeza kama dawa chungu, akatangaza ajenda iliyofuata.

Ajenda iliyofuata ilikuwa sanamu. Bikira wa zamani alikuwa wa plasta, naye mvua za miaka mingi zilikuwa zimemla pua na kumtia ufa shingoni. Bertin alisema kwamba ni aibu kwa mji unaokalia chokaa na saruji kuwa na Bikira asiye na pua. Yeye mwenyewe angemtengeneza mpya, mwenye kimo cha mtu mzima, bila kuisumbua parokia. Watu wakapiga makofi.

Alimchukua rafiki yake Doudou, fundi wa vyungu vya maua na nguzo za baraza, ambaye pia alikuwa mbebaji. Doudou alichonga kalibu nzuri sana, na uso wa Bikira ukatoka mpole hata Madeleine akausalimu. Ilipofika siku ya kumimina, Doudou alitaka kusimamisha pipa tupu katikati ya kalibu.

"Ya nini hii pipa?" Bertin aliuliza.

"Président, tunaacha nafasi mu kati. Njo vile banafanyaka. Bila vile atakuwa kizito."

Bertin alilitazama pipa, kisha akamtazama Doudou kama mtu aliyekufuru.

"Mama ya Mungu hawezi kuwa bule mu tumbo. Jaza beto."

"Président..."

"Jaza. Na utie na nondo."

Wakajaza. Nondo nane zilisimama ndani ya Bikira kutoka miguuni hadi kichwani, na zege likashindiliwa mpaka likalia maji. Kisha Bertin akamfunika kwa shuka jeupe, asionekane hadi sikukuu. Majuma matatu Bikira alikauka uani, akizidi kuwa mgumu na mwenye uso wa upole, na hakuna hata mtu mmoja aliyejaribu kumsogeza. Ajabu ni kwamba Bertin, aliyezijua kilo za Laure kwa hesabu kamili, hakujishughulisha na kilo za Bikira.

Alfajiri ya sikukuu alikuja jirani yao Assani, dereva wa kamio, lori lenye mkono wa kunyanyulia mizigo. Alimfunga Bikira kwa mkanda, akavuta mtambo. Kamio liliinama upande mmoja, likatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Papa Bertin, grue yangu inabebaka motere ya kamio na hailie," Assani alisema. "Leo imelia. Hii Mama iko na kilo ngapi?"

"Mama haulizwake kilo."

Assani alirudi kwenye usukani kwa heshima, maana yeye ni Mwislamu na hakutaka kuingilia mambo ya watu wa kanisa. Walipofika kwenye lango la parokia, alimteremsha Bikira taratibu juu ya tipoi, ambayo Bertin alikuwa ameitia miti mipya ya bomba la chuma. Kisha akaaga. Alikuwa na mzigo wa kupeleka Mwadingusha, naye asingerudi kabla ya jioni.

Saa tatu asubuhi uwanja ulikuwa umejaa pomoni. Wageni walitoka parokia nne. Akina mama walivaa vikwembe vipya vyenye picha ya Bikira, na Laure alisimama pembeni na watoto wake wa chekechea waliovaa nguo nyeupe. Shuka likavutwa. Watu wakaguna kwa furaha, kwa kuwa Bikira alikuwa mzuri kweli. Bertin alijiona ana futi tisa.

Sasa, wabebaji wa parokia ile walikuwa na desturi yao. Hawahesabu moja, mbili, tatu. Husali Salamu Maria pamoja, na wanapofika kwenye Amina, wote huinua. Kwa Bikira wa plasta desturi hiyo haikuwahi kuleta shida, maana hata wanne wangetosha. Wakachuchumaa wanane, wakasali, wakafika mwisho. Walioinua kwenye "A" walikuwa watatu. Walioinua kwenye "mina" walikuwa wanne, na mmoja alisubiri kuona wenzake wamefanyaje. Tipoi iliinua pembe moja, kama ng'ombe anayetaka kuamka, ikarudi chini.

"Tulisali mbio," Bertin alisema. "Tuanze tena, pole pole."

Walisali pole pole, nayo Amina ikawa ndefu zaidi, na pakawa na mahali pengi zaidi pa kukosania. Baada ya jaribio hilo mbebaji mmoja alikumbuka kwamba ana presha. Mwingine aliketi juu ya msingi wa ua na kuomba maji. Nafasi zao na za wengine wawili zikachukuliwa na vijana wa timu ya mpira, waliokuja wakikunja mikono ya mashati. Vijana wale walikuwa na nguvu na haraka, na kila mmoja alikuwa na Amina yake. Safari hiyo tipoi haikutoka hata pembe, lakini kiuno cha Bertin kilitoka. Alisikia kitu kikikatika nyuma ya mkanda wake, akabaki ameinama, mikono magotini, asiweze kusogea mbele wala nyuma.

Waumini walimwona mwenyekiti wao ameinama kwa unyenyekevu mkubwa namna ile mbele ya Bikira, wakafikiri ni sehemu ya ibada. Mstari wa mbele ukainama. Wa pili ukafuata. Uwanja mzima ukawa umeinama, kimya, kwa muda mrefu, hadi Madeleine, anayeijua sura ya mumewe akiwa katika maumivu, aliposema kwa sauti ya kawaida, "Munapumbaa. Mugongo yake imekufa."

Kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo zote na sasa ilianza upya. Mashauri yakamiminika. Wengine walitaka magogo ya kumviringisha, lakini ngazi tisa haziviringishiki. Fundi mmoja alipendekeza Bikira apunguzwe kidogo kwa patasi upande wa nyuma, ambako hakuna atakayeona. Madeleine alimtazama, naye akakumbuka kwamba ana shughuli kwingine. Hatimaye mgeni mmoja akasema, bila ubaya wowote, kwamba basi Bikira abaki nje, Misa isomwe.

Neno hilo lilimwingia Bertin kuliko maumivu ya kiuno. Mama aachwe nje ya kanisa siku ya sikukuu yake, tena kwa mkono wa Bertin! Aliona jinsi watu watakavyolisimulia hadi Kambove, hadi Lubumbashi, na jinsi wajukuu zake watakavyoitwa wajukuu wa yule aliyemfungia Bikira nje. Machozi yalimlengalenga, na kwa kuwa alikuwa ameinama yalidondoka moja kwa moja mavumbini.

Abbé Benoît alichutama karibu naye ili nyuso zao zilingane.

"Président," alinong'ona, "mu ile banda kuko batu banajua hii kazi."

"Naona haya, Abbé."

"Najua. Enda nayo vile vile."

Bertin alivuka uwanja akiwa amejikunja. Watu walimpisha. Alikwenda hadi alipoviona viatu vya Laure, vilivyozungukwa na viatu vidogo vyeupe, akasimama hapo, maana hakuweza kuinua uso juu ya magoti ya binti yake.

"Laure."

"Papa."

"Nimeshindwa, mwana wangu." Alisubiri, kwa matumaini kwamba atasaidiwa kusema, lakini Laure hakumsaidia. "Nilikucheka mbele ya batu. Nakuomba mbele ya batu. Musaidie Mama aingie."

Laure alimnyoosha mtoto mmoja ukosi. Ilimwuma bado, na hakuona sababu ya kuficha. Mama Kabedi, aliyesogea akiwa amekunja mikono kifuani, alijibu kwa niaba yake.

"Banda kwanza," alisema. "Aseme habari ya banda kwanza, kisha tutabeba."

Yalikuwa mapatano ya haki, na kila aliyesikia alijua hivyo. Bertin mwenyewe angekubali papo hapo. Lakini Laure alitikisa kichwa.

"Hapana, Mama Kabedi. Haiko Mama Maria njo alifunga banda." Akawakabidhi watoto kwa Madeleine, akavua viatu.

Wenzake wakamfuata, wakavua viatu, wakakaza vikwembe viunoni. Tipoi ilihitaji watu wanane, nao walikuwa sita, hivyo Laure akapita mbele ya wanaume kuchagua wawili. Hakutazama vifua walivyovitunisha, alitazama mapaja na magoti. Vijana wa mpira wakaachwa. Akamchukua Doudou, ambaye miaka ya kubeba vyungu ilimpa miguu mizuri, na mkaanga mandazi mmoja mfupi ambaye hakuna aliyewahi kumfikiria kwa jambo lolote. Wenye nguvu zaidi akawaweka nyuma, kwa sababu kwenye ngazi mzigo hukimbilia huko, na mwenyewe akachukua pembe ya mwisho kabisa.

"Macho mbele," alisema kwa sauti ileile ya chekechea. "Mugongo sawa. Miguu njo inabeba, mugongo inafuata tu. Hatuinue ku Amina. Tunainua ku pumuzi yangu."

Mbebaji mmoja mkongwe, aliyeketi kwenye msingi wa ua, alishindwa kuvumilia. "Lakini tangu bakubwa, tunainuaka ku Amina."

"Amina tutaisema juu, Papa," Laure alijibu.

Wakachuchumaa. Kwaya ikakatiza wimbo. Laure alivuta pumzi, ikasikika, na wote wakavuta. Akaitoa. Bikira akapanda, pembe zote nne kwa mara moja, bila kutikisika, kama mkate unavyopanda. Tipoi ikatua mabegani.

Bertin hakuweza kutazama juu, kwa hiyo aliona miguu tu. Aliona nyayo kumi na sita zikipita mbele ya pua yake, zote zikikanyaga pamoja, na mishipa ikiwa imesimama kwenye vifundo vya miguu vya binti yake. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya sita walisimama, akaisikia pumzi ya Laure ikiwa nzito, naye akaingiwa na hofu ambayo haikuhusu Bikira tena. Alimwogopea mtoto wake. Akaanza kusali, si kwa ajili ya jina lake wala kwa wajukuu, bali kwa magoti yale. Ya saba. Ya nane. Ya tisa. Kisha, kutoka mlangoni, sauti nane zilizokatika pumzi zikasema "Amina," na uwanja mzima ukajibu kwa kishindo hadi njiwa wakaruka kutoka darini.

Watu walimiminika ndani. Wakati kengele ikilia, ikagundulika kwamba Bikira ameingia na mwenyekiti amebaki nje. Alikuwa chini ya ngazi, ameinama vilevile, na kila alipoinua mguu kupanda aliurudisha. Madeleine alimvuta mkono mmoja, mzee akapiga kelele. Doudou alimvuta mwingine, kelele zikazidi.

Laure akateremka. Alimgeuzia baba yake mgongo, akachuchumaa, akamwambia ashike shingo. Bertin alisita, akatazama kushoto na kulia, halafu akashika. Akabebwa, mzee mzima na kitambi chake, mgongoni mwa binti yake kama mtoto anayepelekwa kliniki, kanzu yake ya mwenyekiti wa halmashauri ikining'inia pande zote mbili. Walipotokea mlangoni kanisa zima liligeuka. Kicheko kilianza nyuma, kikafika hadi madhabahuni, na Abbé Benoît akajifanya anatafuta ukurasa.

Bertin aliwaacha wacheke. Kicheko kilipopungua, alisema kutoka mgongoni alikokuwa, kwa sauti aliyoitumia kila mwezi kikaoni:

"Banda haifungwe. Hata mwaka kesho. Halmashauri ikikataa, bakuye beye benyewe, bamushushe Mama na mikono yao."

Hakuna mjumbe aliyeinua mkono. Wote walikuwa wamemwona Bikira akipanda, na kila mmoja alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya kiuno chake.

"Papa, usizungumuze sana," Laure alisema, akimpeleka taratibu kwenye benchi la mbele. "Unanipoteza pumuzi."

Mzee akalaza shavu lake kwenye bega lile alilolitukana mbele ya watu, akaliona ni pana kweli, na kwamba lilimtosha. Basi, msomaji, ukisikia mtu anawacheka wenye ujuzi ambao hajauhitaji bado, mnong'oneze polepole: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.